Picha tupu au picha na maneno?

Ndugu yangu wa Wete, assalamu alaykum. Umeuliza kama programu yako ya kuandikia mizani ya karafuu iwe na vitufe vya picha tupu, bila ya maandishi, ili makarani wasiozoea kompyuta waielewe upesi. Nakusihi usifanye hivyo.

Picha haijisemei. Kompyuta ya Xerox Star ya 1981 ilipoweka kwenye kioo picha za karatasi na mafaili, iliwalenga watu wa ofisini, ambao vitu hivyo walivishika kila siku. Na hata hivyo, picha za nyaraka zilikuwa na majina yake. Kompyuta ya Macintosh ya 1984 ikafuata njia hiyo hiyo. Sasa tazama alama ya kuhifadhi: ni disketi, kile kisahani cha zamani cha kuwekea mafaili ya kompyuta, na vijana wengi wa leo hawajapata kuiona disketi yenyewe. Wanaijua kwa mazoea tu.

Chora gunia, chora mizani, lakini chini yake andika "Pima", "Lipa", "Futa". Futa ikae mbali na Lipa, tena iulize kwanza, maana hapo pana pesa ya mkulima. Kisha mkalishe karani mmoja mbele ya programu hiyo, wewe unyamaze, utazame kidole chake kinasita wapi. Anza kurekebisha hapo.