Shangazi wa Vyungu: Mmea unakula nzi, mbona unakufa?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari za mimea inayokula wadudu, basi mmenijazia barua mpaka maswali ya mawaridi nimeyaweka kiporo. Leo ni hiyo mimea tu. Wa mawaridi mnivumilie.

Shikamoo shangazi. Nilinunua vinasi flaitrapu kwa muuzaji wa onlaini, ile yenye midomo yenye meno. Ilikuja kwenye kikopo kidogo nikaionea huruma, nikaihamishia kwenye chungu kikubwa cha udongo wa mfinyanzi, nikaweka udongo mweusi na samadi ya kuku kidogo. Namwagilia maji ya kisima kila asubuhi na watoto wanailisha vipande vya nyama. Sasa mitego inakuwa myeusi mmoja baada ya mwingine. Shida nini? – Mama Pacha, Tegeta

Marahaba mwanangu. Shida ni huruma. Kila ulichoitendea hiyo vinasi kingekuwa sawa kwa mchicha, ila kwa yenyewe ni sumu, na sikulaumu maana wauzaji wengi wanakukabidhi kikopo wanapokea hela basi, maelezo hakuna.

Kwao mmea huu ni Marekani, North Carolina na South Carolina, eneo dogo tu kuzunguka mji wa Wilmington, kwenye tambarare za misonobari zenye mchanga, majimaji na tindikali. Ardhi ya kule haina naitrojeni wala fosforasi ya maana, ndo maana majani yakageuka mitego, yaani nzi ndio mbolea yake na mizizi kazi yake ni maji tu. Mizizi ya hivyo ukiiletea samadi ya kuku inaungua. Na hayo maji ya kisima, visima vingi vya Dar vina chumvi unaionja kwa ulimi, chumvi inabaki kwenye udongo maji yakikauka, kesho unaongeza nyingine, baada ya miezi michache mmea umekaa kwenye bahari ya Hindi.

Sasa tuokoe. Ing'oe taratibu, osha mizizi yote kwa maji safi mpaka udongo mweusi uishe, angalia shina la chini lile jeupe kama kitunguu kidogo. Likiwa gumu na jeupe mgonjwa yupo hai hata kama majani yote yameisha, likiwa laini limebonyea na linanuka, pole. Chungu kiwe cha plastiki chenye matundu chini, maana cha mfinyanzi nacho kinatoa madini yake polepole. Udongo ni pitimosi (kuvumwani za majimaji zilizooza nusu) ukichanganya na perlaiti (zile chembe nyeupe nyepesi za mwamba) nusu kwa nusu. Pitimosi ipo kwenye maduka ya pembejeo, wakulima wa miche wanaitumia, LAKINI soma mfuko kabla hujalipa, nyingi za kuoteshea miche zimeshawekwa mbolea na chokaa, hizo mwachie mwenye nyanya. Ukikosa perlaiti tumia mchanga mweupe wa kokoto ndogo uliooshwa sana, wa ufukweni usiuguse kabisa, una chumvi na vipande vya magamba. Mchanga wowote usiouamini udondoshee siki, ukitoa povu una chokaa, tupa.

Maji ni ya mvua. Mvua ya kwanza iache ioshe bati, kuanzia ya pili kinga kwenye ndoo zenye mfuniko. Kiangazi kikikukuta huna akiba, yapo yale maji ya betri ya gari kwenye vituo vya mafuta, yaliyochujwa madini, yanafaa kabisa, ila jamani hakikisha ni MAJI na sio asidi ya betri maana chupa zinafanana na vijana wa pale wakati mwingine wanakupa yoyote. Maji ya kunywa ya chupa angalia lebo palipoandikwa TDS, yaani kipimo cha madini yaliyoyeyuka, isizidi 50, na nyingi zinazidi. Kuchemsha hakusaidii, mvuke unaondoka madini yanabaki, umeyakoleza tu. Yale yanayodondoka kwenye AC wengi wanatumia na hayana madini mengi, mimi nayaweka ya mwisho kwa sababu yanapita kwenye mabomba ya shaba na vumbi la mashine. Usimwagilie juu juu kila asubuhi, weka chungu kwenye sahani yenye maji kama sentimita mbili, kikikaribia kukauka ongeza. Na kitoe nje kwenye jua, sio kwenye meza ya TV, kinataka jua la kweli masaa 6 kwa siku au zaidi.

Nyama acha. Ina mafuta na inaoza kabla mtego haujaimaliza, ndo huo weusi unaouona. Halafu kuna kitu hawa watoto watakipenda uwaeleze: ndani ya kila upande wa mtego kuna vinywele kama vitatu, kinywele kimoja kikiguswa mara moja hamna kinachotokea, kikiguswa tena au cha jirani yake ndani ya sekunde 20 hivi, mtego unafunga kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Tone la mvua likidondoka mara moja halidanganyi mtego. Na ukishafunga unaendelea kuhesabu, mdudu akihangaika akagusa mara kama tano ndo mmea unaanza kutoa vimeng'enya vya kumsaga. Kwa hiyo nyama iliyokufa hata ukiweka, haihangaiki, hesabu haifiki, mtego unafunguka kesho yake ukiwa na kitu kimeoza mdomoni. Na kila wanapoufunga kwa kijiti wanaupunguzia maisha, mtego mmoja unafunga mara chache tu kisha unakufa, kwa hiyo mchezo huo uishe leo. Mdudu mmoja kwa mwezi kwenye mtego mmoja wa mmea mzima unatosha, awe mdogo, theluthi ya mtego. Ukiwa nje atajitafutia mwenyewe.

Habari shangazi, mimi niko Limuru. Nina nepenthesi, ule mmea wa vikombe vya kunasia wadudu, imening'inia jikoni karibu na dirisha, ilikuja na vikombe vizuri sana lakini vyote vimekauka na majani mapya yanatoa tu kamba mwishoni, hakuna kikombe. Nayo nilisoma inataka joto kama ya Mombasa, ndio maana nimeiweka jikoni. Nikiitoa nje baridi haitaiua? – Mpenda Maua, Limuru

Mzuri, pole na baridi ya mwezi wa saba. Aliyeandika hiyo habari ya Mombasa hakukosea, ila alikuwa anaongelea nepenthesi nyingine. Hizi zipo za nchi za chini na za milimani, na nyingi zinatoka Asia ya kusini mashariki. Nepenthes ampullaria na rafflesiana ni za joto, hizo kweli zingekaa Mombasa, Unguja au Dar bila shida kubwa. Za milimani kama ventricosa zinapenda mchana wa wastani na usiku wa baridi, na Limuru yako ndio kwao, wenzako wa Pwani wanazihangaikia na hawaziwezi. Angalia kibandiko kama kipo, mwulize aliyekuuzia jina. Nyingi za maduka ya maua ni mchanganyiko ulio na damu ya milimani, na hizo Limuru zinaenda vizuri tu.

Kuhusu vikombe, kukauka baada ya kuhama ni kawaida, vile vya zamani vilizoea kwingine. Ile kamba kubaki kamba bila kuvimba, mara nyingi ni mwanga kuwa mdogo au hewa kuwa kavu. Jikoni kwako kuna vyote viwili, halafu kuna gesi na mafuta ya kukaangia. Itoe, iweke varanda inayopata jua la asubuhi, mchana iwe na kivuli chepesi, uinyunyizie maji ya mvua jioni. Kinachotakiwa ni subira, jani jipya mpaka kikombe kukomaa ni wiki nyingi.

Na tofauti na vinasi, hii usiikalishe kwenye sahani ya maji, mizizi yake inataka hewa. Changanya pitimosi na perlaiti na magome yale ya orkidi, maji yapite yatoke chini. Ule ute ulio kwenye kikombe usiumwage, mmea umeutengeneza mwenyewe na ndio tumbo lake. Ukimwagika kwa bahati mbaya wakati wa kuhamisha, weka maji safi kidogo, robo ya kikombe.

Nyongeza kwa wanaouliza kama Afrika tunazo nepenthesi: bara hatuna hata moja ya porini, ila visiwani kwa majirani zipo. Ushelisheli wana Nepenthes pervillei kwenye vilele vya Mahé na Silhouette, na Madagaska wana mbili, moja ndio nepenthesi ya kwanza kabisa kuandikwa na Mzungu, Étienne de Flacourt, mwaka 1658.

Shangazi nasikia eti vinasi lazima ilale kwenye friji miezi mitatu! Mke wangu kasema friji yake haiingii udongo. Yangu ina mwaka wa pili, mwaka wa kwanza ilikuwa nzuri sasa majani yanazidi kuwa madogo. – Baba wa Njiro, Arusha

Mkeo ana haki, udongo hauingii. Lakini ni kweli. Kule Carolina kuna baridi ya kweli, mmea unapunguza majani unapumzika miezi mitatu minne. Hapa Arusha mchana na usiku karibu vinalingana mwaka mzima, mmea hauna cha kuuambia sasa ni baridi lala, unafanya kazi bila likizo mpaka unachoka, na huko kupungua majani mwaka wa pili ndo dalili yenyewe.

Fanya hivi: mwezi wa sita punguza maji udongo ubaki unyevu tu, uache chungu nje usiku upate baridi ya Juni, wiki mbili tatu. Kisha utoe mmea wote kwenye chungu, osha shina na mizizi kwa maji ya mvua, kata majani yaliyokufa, funga kwa sfagnamu (kuvumwani ya majimaji) iliyokamuliwa, tia kwenye mfuko wa zipu, uandike jina mtu asidhani ni mchaichai. Droo ya mboga, sio ya kugandisha. Angalia kila baada ya wiki mbili, ukiona ukungu osha, badilisha sfagnamu. Mwezi wa tisa unapanda upya, kwanza kivulini wiki moja ndipo juani. Wanaoishi Dar nao njia ni hiyohiyo ila hamna Juni ya kuwasaidia, na ukiona friji ni usumbufu basi fuga drosera za joto, zile za nywele zenye matone kama gundi, au nepenthesi za joto, hazilali.

Shangazi nikijaza hii mimea barazani itamaliza mbu? – Kijana wa Kirumba, Mwanza

Haimalizi. Drosera itakamata mbu kadhaa na inzi wadogo wa ndizi, vinasi hata haimtaki mbu, ni mdogo mno kwake. Chandarua kibaki palepale. Tena wewe angalia sahani zako za maji, ukiziacha zimetulia wiki nzima mbu wanatagia humo humo, wakiwemo wale wa mchana wa dengi. Kila siku tatu nne mwaga maji yote, sugua sahani, weka mapya.

Auntie, nimeona mbegu za vinasi za bluu na zambarau kwenye intaneti, pakiti ya mbegu 100 bei ya soda. Nichukue? – Binti wa Nyali

Usichukue mwanangu, vinasi ya bluu HAIPO. Zipo za kijani na zipo nyekundu iliyokolea, hizo za bluu ni picha zimepakwa rangi, na ukipanda utaota majani ya kawaida kama yataota. Hata mbegu halisi zinataka miaka mitatu mpaka mitano mmea uwe mkubwa, kwa hiyo anza na mmea uliokwisha kua. Ukitaka kuagiza nje, omba kwanza kibali cha KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea wa Kenya, kabla muuzaji hajatuma, naye atume na cheti cha afya ya mimea cha kwake. Huku Tanzania kazi hiyo ni ya TPHPA. Pia vinasi na nepenthesi zipo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini, kwa hiyo muuzaji wa nje makini anakuwa na karatasi yake, asiyejua hata CITES ni nini mkimbie, huenda mmea kaung'oa porini. Kule North Carolina watu walizing'oa sana mpaka tangu mwaka 2014 kuiba vinasi ya porini ni kosa la jinai kubwa, mtu anakwenda jela.

Shikamoo shangazi, nilipokuwa Njombe kwenye bonde la majimaji niliona vimimea vidogo vyekundu vina nywele zenye matone kama gundi na visisimizi vimenasa. Nimeambatanisha picha. Nikirudi Krismasi naweza kuchimba vichache nije navyo Dar? – Fundi Simu, Kimara

Marahaba. Nimeiona picha, hiyo ni drosera, na wengi hawajui kwamba tunazo. Afrika ya mashariki zipo za aina kadhaa, mojawapo Drosera madagascariensis, na huko Madagaska wenyewe inavunwa porini kwa gunia inapelekwa Ulaya kutengenezea dawa ya kifua. Kwenye mabonde hayo hayo ukitazama maua madogo ya njano au zambarau yasiyo na majani ya kuonekana, huenda ni utrikularia, mitego yake ni vifuko vidogo chini ya maji, inanyonya kiumbe kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuiona.

Kuchimba usichimbe. Kama ulikuwa ndani ya hifadhi kama Kitulo ni kosa, na hata nje ya hifadhi, mmea wa bonde la baridi ukiuleta Kimara hauna maisha marefu. Tafuta Drosera capensis, ya Afrika Kusini, ndio rahisi kuliko zote. Haihitaji kulala, inavumilia, inatoa mbegu yenyewe mpaka utagawa kwa majirani. Pitimosi, maji ya mvua, sahani, jua ila sio la saa saba mchana wa Februari. Matone yakipotea kwenye majani ujue maji yako au mwanga wako una tatizo.

Hizo za Njombe ukirudi Krismasi zipige picha nyingine ukiweka sarafu ya mia pembeni, hii ya sasa haionyeshi ukubwa.