Ukigawa Walimu, Hesabu Madarasa Kwanza

Mwaka wa 2024 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kando ya barabara ya Ahero kuelekea Katito, Kaunti ya Kisumu. Muhula wa kwanza ukielekea ukingoni, tuliitwa walimu wakuu watatu tusaidie kupendekeza mwalimu gani ahamishwe wapi, kwa kuwa wapya hawakuwa wakija na kila shule ilikuwa inalia. Tulipewa chumba, chai na orodha ya shule. Nikafungua kikokotoo cha simu.

Shule yangu ilikuwa na wanafunzi 480 na walimu 11 wa TSC, yaani Tume ya Huduma kwa Walimu inayowaajiri kwa niaba ya serikali, nami nikiwemo. Hiyo ni karibu 44 kwa mwalimu mmoja. Shule nyingine, chini ya mteremko wa Nyabondo, ilikuwa na wanafunzi 148 na walimu 7: 21 kwa mmoja. Nani angebisha? Tulimtoa mwalimu mmoja kule, na sitaficha, aliletwa kwangu.

Muhula wa pili nilishuka huko kwa shughuli za michezo. Nilifika mapema kabla ya timu. Mwalimu mkuu, mama mmoja mpole, alikuwa amesimama mlangoni katikati ya Gredi ya 4 na Gredi ya 5, chaki kila mfuko wa koti. Anageukia huku anauliza swali, anageukia kule kusikiliza jibu la swali la dakika tano zilizopita. Mwalimu wake mmoja alikuwa likizo ya uzazi. Aliponiona alinyoosha mkono wenye vumbi la chaki.

"Karibu, Mwalimu. Yule wetu hajambo huko kwako?"

Hakuna kebehi niliyosikia katika sauti yake, na ndiyo maana swali hilo lilinikaa.

Hesabu yangu haikuwa na kosa la kujumlisha wala kugawanya. Kosa lilikuwa nilichokuwa ninahesabu. Shule ya Gredi ya 1 hadi ya 6 yenye mkondo mmoja, yaani darasa moja kwa kila gredi, ina madarasa sita, wawe wanafunzi 148 au 240. Kila darasa linahitaji mtu mbele yake, na juu yao mwalimu mkuu: saba. Mama yule hakuwa na mwalimu wa ziada hata mmoja. Kigezo cha mwalimu mmoja kwa wanafunzi 40 kingempa wanne tu. Shule yangu ya mikondo miwili, madarasa 12, ilihitaji 13. Nilipungukiwa na wawili, yeye na sifuri, na bado tukamnyang'anya.

Kwa hivyo, wewe uliye kwenye bodi ya shule au kwenye kamati kama ile yetu, anza na madarasa. Kwa sekondari msingi anza na vipindi. Gredi ya 7, 8 na 9 za mkondo mmoja, kila moja ikiwa na vipindi 40 kwa wiki, zinakupa vipindi 120. Mwalimu hawezi kuwa madarasa mawili kwa wakati mmoja, basi hata asiyepumua hawezi kuvuka 40. Shule yenye walimu wawili wa sekondari msingi, na najua zaidi ya moja, ina darasa lisilo na mtu kila saa ya kila siku. Huhitaji utafiti kulijua hilo. Kisha ulizia masomo: walimu watano wote wa dini na historia hawakuzibii pengo la hisabati na sayansi, ingawa kwenye karatasi shule imejaa.

Halafu nenda ukaone. Orodha ya mishahara humwonyesha aliye likizo ya uzazi, aliye masomoni, anayeugua tangu mwaka jana, wote kana kwamba wamo darasani. Na idadi ya wanafunzi nayo usiiamini ikiwa mezani. Fedha za serikali hufuata idadi, shilingi 1,420 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na sisi walimu wakuu si malaika. Mimi huhesabu siku ya kawaida baada ya mapumziko ya asubuhi, darasa baada ya darasa. Huku Nyando usihesabu wakati wa mafuriko, maana nusu ya watoto wako kambini au kwa shangazi zao.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu hulikwepa: walimu wa bodi, wale wanaoajiriwa na bodi ya shule wala si TSC. Siku ile ya chai na kikokotoo, nilikuwa na wawili waliolipwa kwa michango ya wazazi. Sikuwaandika popote. Fomu haikuuliza, nami sikujitolea kusema. Kwa kweli shule yangu ilikuwa na watu 13 kwa nafasi 13. Kule chini ya mteremko, wazazi hawakuweza kumlipa hata mmoja. Mapengo mawili yakifanana, mwalimu wa serikali atangulie kwa wale ambao hawana uwezo wa kujizibia. Wenye kuchanga watalalamika kuwa wanaadhibiwa kwa kujitegemea, na malalamiko yao yana uzito. Lakini mpangilio mwingine uliobaki ni kumpa aliye nacho tayari.

Mapengo yasipofanana, pima kwa uwiano. Kukosa wawili kati ya saba kunauma kuliko kukosa watatu kati ya 13. Ukimaliza, bandika orodha ukutani, kila shule na pengo lake. Katiba, kifungu cha 237, imeipa TSC kazi ya kupeleka walimu shuleni, lakini simu za waheshimiwa hazijasoma kifungu hicho. Simu ikija, ni rahisi kuielekeza kwenye karatasi ambayo kila mtu ameshaiona.

Usisahau kwamba unayemhamisha ni mtu. Tuliona tangu 2018, walimu walipotawanywa mbali na kaunti zao, ndoa zilivyoishi kwa simu. Uliza kuhusu mume, mke, dawa, mtoto. Hamisha wakati wa likizo, na asiondoke mtu kabla mbadala wake hajafika. Sisi tulimwondoa wa watu katikati ya mwaka.

Nilirudi ofisini nikaomba mwalimu yule arudishwe. Ilichukua hadi Januari. Tatizo ni kwamba alipoletwa kwangu nilikuwa nimemwachisha kazi mmoja wa walimu wa bodi, sasa ikabidi niwaite wazazi tena kuomba mchango. Walikuja wamevimba. Nikawaonyesha karatasi yenye shule zote. Mama mmoja anayeuza mchele Ahero aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akasimama kwenye shule ya chini ya mteremko.

"Hawa huchanga ngapi?"

"Hawachangi. Hawana."

Aliniangalia kwa muda. "Basi warudishiwe. Lakini Mwalimu, sisi ushuru tunalipa, na mwalimu tunalipa. Hiyo nayo umeiandika wapi?"

Haikuwa na safu yake kwenye ile karatasi. Niliiongeza jioni ile, kwa kalamu.