Mbinu na sahihi ya mhalifu si kitu kimoja

Ndugu mwandishi, umeuliza kama “mbinu” na “sahihi” vinabadilishana katika hadithi yako ya wapelelezi wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani. Havibadilishani kabisa! Mbinu ni anachofanya mhalifu ili afanikiwe na asinaswe, nayo hubadilika kadiri anavyopata uzoefu. Sahihi ni tendo lisilohitajika kwa kosa lenyewe, ila nafsi ya mhalifu haitulii bila hilo. Mtazame Dennis Rader wa Wichita, Marekani, aliyeua watu 10: kukata waya wa simu kabla ya kuingia ni mbinu, kufunga watu kamba kupita haja, kwa raha yake, ni sahihi.

Na tafadhali, mchambuzi wako asitaje jina la muuaji. Wasifu, yaani maelezo ya mchambuzi kuhusu aina ya mtu aliyetenda kosa, hupunguza tu orodha ya washukiwa. Hata Rader alinaswa mwaka 2005 kwa disketi ya kompyuta aliyoituma mwenyewe, si kwa wasifu.