Kwa Vijana Mnaoanza Kupaka Sila kwenye Kaunta za Mawe

Nimeitwa mara nyingi mno kukagua kaunta mpya zilizofunikwa na ukungu mweupe, na karibu kila mara sababu ni ileile: fundi kijana alifungua kopo la sila, yaani dawa ya kuziba vitundu vya jiwe ili lisinywe maji na mafuta, kabla hajalijua jiwe. Nawapenda vijana wa kazi hii, kwa kuwa mna mikono mepesi na hamliogopi vumbi la grenda, lakini uvumilivu wangu huisha ninapoona makosa tuliyoyakemea zamani yakirudiwa katika nyumba za watu. Naandika kwa wale ambao wameshajua kukata, kuunga na kung'arisha, na sasa wanakabidhiwa hatua ya mwisho ambayo wengi huifanya kwa haraka ili wawahi kulipwa. Shikeni jambo moja: sila hufanya kazi ndani ya jiwe, na ile inayobaki juu ni hasara tupu.

1. Pimeni kabla ya kununua. Wekeni matone ya maji juu ya jiwe kavu, ngojeni dakika 10 hadi 15, kisha futeni. Pakibaki kivuli cheusi, jiwe linakunywa; pasipobadilika, sila haina pa kuingia. Mawe mengi meusi yanayouzwa kwa jina la graniti ni gabro au doleriti, aina nyingine za mawe, nayo yameshikamana kiasi kwamba hayahitaji chochote. Kwatzi ya kiwandani, yaani chenga za mawe zilizofungwa kwa resini (gundi inayokauka ngumu), msiipake kabisa.

2. Tofautisheni doa na mchomo. Doa ni kitu kilichoingia ndani ya jiwe, kama mafuta au manjano, na hilo sila hulichelewesha ili mtu apate muda wa kufuta. Mchomo ni jiwe lenyewe kuliwa na asidi. Marumaru ni madini yaitwayo kalsiti, na kalsiti huyeyuka inapokutana na ndimu, siki au ukwaju, hata iwe imepakwa sila bora namna gani.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jambo hili bado linaniuma. Katika nyumba moja ya Dar es Salaam, vijana walipaka sila kwenye kaunta ya marumaru nyeupe, na kwa haki niseme kwamba kazi yao ya kwanza ilikuwa safi. Tatizo lilianzia mdomoni, pale kiongozi wao alipomwambia mama mwenye nyumba kwamba sasa apike bila wasiwasi, jiwe halitaogopa kitu. Haukupita muda mrefu, mama yule akakata ndimu za samaki palepale juu ya kaunta, na kila kipande kilipolala pakabaki duara lililofifia. Vijana waliporudi hawakuinama kuutazama uso wa jiwe dhidi ya mwanga wa dirisha, wala hawakupapasa kwa kidole. Waliamua tu kwamba sila ilikuwa haijatosha. Wakamwaga tabaka jingine zito, wakaenda kula, na walirudi wakalikuta limeganda na kunata. Kwa hofu, mmoja wao akachukua dawa ya kusafishia choo, ambayo ndani yake mna asidi kali, akasugua kaunta nzima. Mng'ao wote ukaondoka. Tulilazimika kuyeyusha sila iliyoganda, kusaga upya kwa pedi za almasi kutoka ile yenye chenga kubwa hadi ile laini kabisa, kung'arisha, kungoja jiwe likauke, kisha kupaka tena, na muda wote huo mama yule hakuwa na jiko. Kijana aliyeshika dawa ile ana bidii na adabu. Alikosa mtu wa kumwambia mapema kwamba marumaru na asidi havikai pamoja. Ndiyo maana nawaambia ninyi leo.

3. Jiwe likauke kwelikweli. Baada ya kuosha au kung'arisha kwa maji, ngojeni angalau saa 24, na katika pwani yetu wakati wa masika ongezeni muda hata kama mteja ananung'unika.

4. Kwa jikoni chagueni sila ya kupenya, hasa yenye kemikali iitwayo floropolima, inayozuia mafuta pamoja na maji. Zile za akriliki, aina ya plastiki, zinazoacha utando juu huchubuka kwa visu na kubanduka, nami sizipokei jikoni hata zikitolewa bure. Ikiwa kopo lina kiyeyusho kinachowaka, fungueni madirisha na zimeni gesi.

5. Jaribuni kwanza kwenye kipande kilichobaki. Pakeni tabaka jembamba, sehemu kwa sehemu, fuateni dakika zilizoandikwa kwenye kopo, na futeni ziada yote kwa kitambaa kikavu kabla haijakauka. Ikinata, lowesheni kwa sila ileile kidogo na mfute mara moja. Msisahau kingo za tundu la sinki na la bomba, kwani hapo jiwe halikung'arishwa na hunywa kuliko uso wa juu. Kaunta isiguswe na maji kwa saa 24.

6. Semeni na mwenye nyumba kabla jiwe halijakatwa. Familia inayokamua ndimu kila siku ishaurini ichukue graniti. Ikisisitiza marumaru, ipendekezeeni uso usiong'arishwa sana, ambao hauonyeshi michomo upesi. Wakati wa kukabidhi, mwachieni maelezo yaliyoandikwa: akatie kwenye ubao, afute asidi papo hapo, aoshe kwa sabuni isiyo na asidi, na arudie jaribio la matone kila baada ya miezi kadhaa, hasa karibu na sinki na jiko, ili awaite kupaka tena pale tu kivuli kitakapoonekana.