Fleti ya ghorofani: ipande kwa miguu kabla hujalipa

Juzi dada mmoja kaniandikia inboksi. Kapata fleti Upanga, hapa Dar, ghorofa ya nane: "Bahari naiona, kaka, na bei imepoa. Nilipe?" Dalali anamhimiza, anataka kodi ya miezi sita mkononi. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mwaka 2023 dada huyo nilikuwa mimi.

Nimekulia Mbagala, wapangaji sita choo kimoja. Kwa hiyo siku nilipokabidhiwa funguo za ghorofa ya tisa, kitu cha kwanza nilisimama roshani nikapiga picha ya meli zikisubiri kuingia bandarini, nikaweka stetasi. Sikatai, nilivimba kichwa.

Lifti ilikufa wiki ya tatu. Ikakaa hivyo miezi minne.

Kijana wa gesi akaanza kunitoza shilingi elfu moja kila ghorofa. Nikamlalamikia kwamba kilo 15 tu hizo! Akanijibu, "Bosi, 15 ni gesi. Chuma umekipima?" Ukaja na mgao wa umeme wa mwisho wa mwaka ule. Tangi la chini limejaa maji, pampu haina umeme wa kuyapandisha, jenereta lipo ila halina dizeli. Nikawa nateka maji kwa mlinzi, ndoo mbili mbili, na tai shingoni.

Kilichoniuma ni mama. Tangu jengo la ghorofa 16 liporomoke mjini Ijumaa Kuu ya 2013 na kuua watu 36, yeye na magorofa ni mbali kwa mbali. Alikuja kwa ajili yangu tu, na kiroba cha machungwa ya Muheza. Ghorofa ya tano akakaa kwenye ngazi, kiroba kikamponyoka, machungwa yakashuka moja moja hadi chini. Akayatazama yakiisha, akaniuliza, "Mwanangu, maiti humu mnaishushaje?" Hajarudi tena.

Baadaye ndiyo nikajua: lile jengo lina wenye fleti wengi, na baadhi yao hawachangii matengenezo hata senti. Sheria ya mwaka 2008 inamruhusu mtu kumiliki fleti yake kwa hati, na inataka wenye fleti wawe na chama cha kusimamia lifti, ngazi, paa na pampu. Kwetu chama kilikuwa grupu la WhatsApp la salamu za Ijumaa.

Kwa hiyo dada, nenda jioni, si saa nne asubuhi na dalali. Panda kwa miguu. Fungua bomba la jikoni. Muulize mlinzi, si dalali, lifti ilikufa lini mara ya mwisho na nani alilipa fundi. Uliza sevisi chaji, yaani mchango wa kutunza jengo, anaikusanya nani. Mlinzi hana kamisheni, atakwambia. Na panda kwa miguu, narudia.

Vijana wenzangu, tuache kupangia stetasi. Ghorofa si dhambi, mji umejaa na Magomeni Kota wanaishi kaya 644 juu kwa juu. Mimi mwenyewe sasa nipo ghorofa ya pili, natazama ukuta wa jirani na nguo zake, na maji yanatoka.

Dada kanijibu jana usiku. Kafika ya nane anahema, bomba limekohoa upepo tu. Dalali kamwambia asijali, anayo nyingine nzuri zaidi, ghorofa ya kumi na moja.