Maswali Yenu: Kumwonyesha Fundi Skrini Bila Kumkabidhi Kompyuta

Maswali mengi yaliyotufikia yanahusu mikutano ya mtandaoni ambamo mtu humwonyesha mwenzake skrini, ama kwa kazi ya pamoja au ili asaidiwe na fundi aliye mbali. Nimechagua sita kati ya hayo.

Mimi ni mhasibu wa kampuni ndogo katika Industrial Area. Waliotuuzia programu ya hesabu husema wanaweza kuitengeneza wakiwa ofisini kwao Westlands, mradi niwaruhusu “waingie”. Je, hilo ni sawa na kuwaonyesha skrini yangu?

Si sawa, na ningependa kila anayetunza kompyuta ya ofisi alielewe jambo hili kabla ya lingine lolote. Unapoonyesha skrini katika mkutano wa Zoom, Google Meet au Microsoft Teams, fundi anaona tu, na kila kinachobonyezwa kinabonyezwa na mkono wako. Unapomkabidhi udhibiti, iwe ndani ya mkutano wenyewe au kwa programu kama AnyDesk na TeamViewer, kipanya na kibodi vinakuwa vyake, na anaweza kufungua faili, kuzinakili na kuzifuta kana kwamba ameketi kwenye kiti chako. Kwa hitilafu nyingi za programu ya hesabu kuona kunatosha: fundi anaelekeza, wewe unabonyeza, na tatizo hilo likirudi mwezi ujao utakuwa unajua pa kuanzia. Toa udhibiti pale tu kazi inapouhitaji kweli, kwa mfano anaposakinisha programu upya, na utoe ukiwa umeketi papo hapo ukitazama.

Kabla ya kumwalika, funga faili za mishahara, taarifa za benki, barua pepe na WhatsApp ya kompyuta, kisha uchague kuonyesha dirisha la programu hiyo peke yake badala ya skrini nzima. Weka nakala ya data ya siku hiyo kwenye diski ya nje, na uichomoe. Huenda ikafika hatua ambapo Windows itatia skrini kiza na kuuliza kama unaruhusu programu fulani ifanye mabadiliko. Mara nyingi fundi haoni kidirisha hicho, kwake huwa ni kweusi tu, na ndiyo sababu atakuomba ukubali wewe. Usikubali kabla ya kusoma jina la programu inayoomba ruhusa. Kazi ikiisha, katiza muunganisho mwenyewe bila kumwachia yeye, na kama alisakinisha programu ya kuingilia, iondoe, au angalau uhakikishe kwamba hakuweka nenosiri la kudumu litakalomwezesha kurudi wakati haupo.

Mimi ni katibu wa chama chetu hapa Kayole. Tukikutana mtandaoni kupitia hesabu, bando la wanachama huisha kabla ya ajenda. Tufanyeje?

Zimeni kamera. Jedwali lililotulia kwenye skrini linakula data kidogo sana kuliko nyuso za watu. Kwa makadirio ya Zoom wenyewe, kuonyesha skrini bila video kunahitaji kilobiti 50 hadi 75 kwa sekunde na sauti kilobiti 60 hadi 80, ilhali video ya ubora wa juu kati ya watu wawili huhitaji kama 600 kwa kila upande. Kwa saa nzima, basi, skrini na sauti ni megabaiti 50 hadi 70, na video hiyo peke yake ni takriban 270 za kupokea, mbali na zile za kutuma. Tuma jedwali kwenye kundi mapema ili ambaye laini yake itakatika aendelee kulifuata. Kumbuka pia kwamba Zoom ya bure hukatika baada ya dakika 40, na Google Meet ya bure baada ya dakika 60 mkiwa watatu au zaidi, kwa hiyo anzeni na michango na mikopo, mengine yafuate.

Kijana alinipigia akasema ni wa benki, kwamba akaunti yangu ina tatizo, akaniomba nipakue programu ili aione skrini ya simu yangu. Nilikata simu. Je, nilikosea? Mama wa Donholm.

Hukukosea hata kidogo, mama. Benki haina haja ya kutazama skrini yako ili kuijua akaunti yako, kwa maana inaiona tayari kwenye mitambo yake. Anayehitaji skrini yako ni yule asiye na njia nyingine, naye anasubiri ujumbe wenye namba ya siri ya mara moja uingie ili ausome kabla yako. Kwa msomaji ambaye tayari amemruhusu mtu wa namna hiyo: zima data na Wi-Fi mara moja, chukua simu nyingine upige namba iliyochapishwa nyuma ya kadi yako ya benki, kisha ubadilishe manenosiri ukitumia kifaa tofauti. Piga ripoti polisi bila kuona haya, kwa sababu kuingia kwenye kifaa cha mtu bila idhini ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya mwaka 2018.

Mimi niko Umoja, na mzee wangu yuko Kitui na simu mpya asiyoielewa. Ninawezaje kumsaidia bila kusafiri?

Tangu mwaka 2023 WhatsApp ina kitufe cha kuonyesha skrini ndani ya simu ya video, na kwa mzee ndiyo njia rahisi zaidi, kwa kuwa programu yenyewe tayari anaijua. Wewe utaona tu, hutaweza kubonyeza chochote, na kwa maoni yangu hiyo ni heri, kwani simu inabaki kuwa yake na mikono inayojifunza ni yake. Kwanza mwombe ruhusa, umweleze kwamba ujumbe wowote utakaoingia huenda ukauona. Mwambie aweke sauti ya nje na alaze simu mezani. Kisha taja kitu anachokiona, mathali “baba, bonyeza ile duara ya kijani chini kulia”, badala ya kumtuma “kwenye mipangilio”. Picha hukufikia kwa kuchelewa kidogo, hivyo subiri. Ukimharakisha atabonyeza mara ya pili na kupita mahali mlipopataka. Mkifika kwenye PIN ya M-Pesa, asitishe kuonyesha kabla hajaiandika, hata kama anayetazama ni wewe, maana mazoea atakayoyapata kwako ndiyo atakayokuwa nayo siku atakapopigiwa na mgeni.

Mimi ni mchoraji wa matangazo, Ngara. Mteja husema anaona kweusi, na siku nyingine kwamba maandishi hayasomeki.

Kwenye kompyuta ya Mac, fungua mipangilio ya faragha na usalama, ruhusu programu ya mkutano irekodi skrini, kisha uifunge na kuifungua upya. Ikiwa kinachokuwa cheusi ni programu ya benki au ya filamu, imewekewa kinga hiyo kwa makusudi, nawe usihangaike nayo. Kuhusu maandishi, huenda mteja anatazama kwa simu: bonyeza Ctrl (kwenye Mac ni Command) na alama ya kujumlisha hadi herufi zikuonekee kubwa kupita kiasi.

Meneja wetu hurekodi kila kikao cha msaada wa kiufundi bila kutuambia. Je, ana haki?

La. Sauti zenu na majina ya wateja yanayoonekana kwenye skrini ni data ya kibinafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka mhusika aarifiwe kwamba data yake inachukuliwa na kwa kusudi gani, tena isihifadhiwe kupita muda unaohitajika. Mwombeni kwa maandishi atangaze mwanzoni mwa kila kikao, aseme nani atatazama rekodi hizo na lini zitafutwa. Asipowajibu, malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data hapa Nairobi, nayo huyapokea pia kupitia tovuti yake.