Siku ya nne mwanangu alikuwa mpole kupita kiasi

Mwanangu wa kwanza alizaliwa Morogoro usiku wa Jumanne, akiwa na uzito wa kilo 3.1, na kesho yake jioni tukaruhusiwa kurudi nyumbani. Kufikia siku ya 4, kila mgeni aliyekuja kutupa hongera alimsifu kwa upole. Hakuwa analia, hakutuamsha usiku, na kila nilipomweka kwenye titi alivuta mara mbili tatu kisha akapitiwa na usingizi. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kunikanda na kunipikia uji, aliniambia kwa furaha kwamba Mungu amenipa mtoto asiyesumbua, nami nilifurahi pamoja naye, kwa kuwa nilikuwa nimechoka na nilihitaji sana kuamini hivyo.

Alasiri ile nilimfungua nepi aliyovaa tangu asubuhi nikaikuta kavu kabisa. Nilimsogeza karibu na dirisha ili nimvalishe nyingine, na ni kwenye mwanga ule ndipo nilipoziona nyayo zake: zilikuwa za njano kana kwamba amekanyaga binzari. Viganja vilikuwa hivyo hivyo. Chumbani, chini ya taa na kwenye kivuli cha pazia, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameona.

Muuguzi aliyetupokea hospitalini aliniuliza jambo moja kabla hata hajamgusa mtoto: «Mama, mara ya mwisho amenyonya vizuri lini?» Sikuwa na jibu, na ukimya wangu ulimtosha. Vipimo vilionyesha kwamba damu yangu ni ya kundi O na ya mtoto ni kundi A, jambo ambalo linaweza kufanya chembe nyekundu za mtoto zivunjike kwa kasi kuliko ini lake changa linavyoweza kuhimili, na mwili ukawa na manjano. Alilala siku 3 chini ya mwanga wa bluu wa kutibu manjano akiwa amefunikwa macho, nikimnyonyesha kila baada ya saa 2, na akapona. Leo yuko shule ya msingi. Hata hivyo swali la yule muuguzi halijaniacha, na kila ushauri ninaowapa wazazi wenzangu huanzia hapo. Mimi si daktari. Ni mama wa watoto 3 niliyekaa kwenye mabenchi mengi ya kliniki na kuwauliza wauguzi maswali mengi, na naandika ili mzazi mwingine asiuchukulie ugonjwa kuwa ni upole.

Mtoto mchanga hana njia nyingi za kusema kwamba anaumwa. Mtu mzima akiwa na maambukizi kwenye damu atapata homa, atatetemeka, atalalamika. Kichanga anaweza kufanya jambo moja tu, nalo ni kuacha kunyonya. Kwa hiyo mtoto aliyekuwa akinyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, kisha akaanza kuamshwa kwa shida, akashindwa kushika titi au akalala baada ya kuvuta kidogo tu kila mara, anatakiwa kupelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama hana homa na hata kama ni usiku. Nepi ni shahidi mzuri katika hili: baada ya siku ya 5, mtoto anayeshiba hukojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na mkojo wake haukolei rangi. Uzito nao hupungua kidogo siku za mwanzo, lakini unapaswa kuwa umerudi ulipokuwa ifikapo wiki ya 2.

Kuhusu manjano nina mengi ya kusema, kwa sababu hapo ndipo nilipokosea. Watoto wengi hupata manjano kidogo kuanzia siku ya 2 au ya 3, na hali hiyo huisha yenyewe ndani ya wiki 2 ikiwa mtoto ananyonya vizuri. Tatizo ni kwamba sisi tunaambiana «mwanike kwenye jua la asubuhi» kana kwamba hiyo ni tiba ya kila manjano. Jua la dirishani halitoshi kumtibu mtoto ambaye kiwango chake cha bilirubini, yaani ile rangi ya njano iliyo kwenye damu, kimepanda, na muda tunaoutumia kumwanika ndio muda ambao rangi hiyo inaweza kuingia kwenye ubongo na kumwachia uziwi au mtindio wa ubongo. Kwenye ngozi zetu nyeusi rangi hiyo hujificha, kwa hiyo mpeleke mtoto penye mwanga wa mchana, bonyeza ngozi ya paji la uso au ncha ya pua kwa kidole kisha uachie, na utazame weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo. Manjano yaliyoonekana ndani ya saa 24 za kwanza, yaliyofika viganjani au kwenye nyayo, yanayoambatana na usingizi mzito, au yanayoendelea baada ya wiki 2, ni ya kupelekwa hospitali bila kusubiri kesho. Choo cheupe kama chokaa pamoja na manjano kinaweza kumaanisha kwamba njia ya nyongo imeziba, na huko kuchelewa kuna gharama kubwa.

Kwa mtoto aliye chini ya miezi 2, dalili nyingine za kumpeleka mara moja ni joto la nyuzi 37.5 au zaidi likipimwa kwapani, mwili kuwa wa baridi chini ya nyuzi 35.5, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kubonyea ndani chini ya mbavu anapovuta pumzi, degedege, au kutojongea mpaka aguswe. Kipimajoto cha kidijitali kinapatikana kwenye maduka ya dawa, na naomba kiwepo katika kila nyumba yenye mtoto, kwa sababu mkono wa mama aliyetoka kuosha vyombo hauwezi kupima homa. Mtoto wa umri huu mwenye homa hapaswi kupewa parasetamoli na kulazwa nyumbani kusubiri. Dawa itashusha joto na kuficha dalili, huku maambukizi yakiendelea.

Kitovu kinahitaji ukavu na usafi tu, isipokuwa muuguzi amekupa dawa maalumu ya kupaka. Majivu, mafuta, masizi na mate ya bibi ni milango ya vijidudu, vikiwemo vya pepopunda. Kikidondoka ndani ya wiki 1 hadi 2 ni sawa. Wekundu unaosambaa kwenye ngozi ya tumbo, usaha, harufu mbaya au damu inayoendelea kutoka, nenda. Macho yanayotoa usaha mwingi katika siku za mwanzo, huku kope zimevimba, nayo si ya kukamuliwa maziwa ya mama wala kupakwa wanja. Ni ya dharura, kwa kuwa baadhi ya maambukizi hayo huharibu uwezo wa kuona.

Yapo pia mambo niliyoyakimbilia bure. Kwikwi, chafya, kucheua maziwa kidogo baada ya kunyonya, na utosi unaodunda kufuata mapigo ya moyo, yote hayo ni ya kawaida. Matiti ya kichanga, awe wa kiume au wa kike, yanaweza kuvimba kwa sababu ya homoni za mama, na binti anaweza kutoa tone la damu ukeni katika wiki ya kwanza. Usiruhusu mtu yeyote ayakamue matiti hayo, kwa maana hapo ndipo jipu huanzia. Mtoto anayenyonya tu anaweza kupata choo kila anaponyonya au, baada ya wiki 6, akakaa siku kadhaa bila choo na akawa mzima. Kucheua hubadilika kuwa jambo la hatari pale matapishi yanapokuwa ya kijani, yanaporuka kwa nguvu baada ya kila mlo, au yanapokuwa na damu, na utosi ni wa kuogopa ukiwa umebonyea sana au umevimba mtoto akiwa ametulia.

Kilio cha jioni, ambacho kwetu huitwa chango, kilinitesa kwa mtoto wa pili. Huanza kuongezeka wiki ya 2, hufika kilele karibu na wiki ya 6, kisha hupungua kufikia mwezi wa 3 au wa 4, na mtoto akiwa ananyonya na kuongezeka uzito hakuna ugonjwa wa kutafuta. Nilinunuliwa mizizi ya kuchemsha na wifi yangu kwa nia njema kabisa, nikaiweka kabatini. Kabla ya miezi 6 mtoto hahitaji hata maji, sembuse dawa ambayo hakuna anayejua kipimo chake. Lakini kilio chembamba kisicho cha kawaida yake, tumbo lililokaza kama ngoma, au damu kwenye choo, vinataka daktari.

Ni huyo huyo mtoto wa pili aliyenifundisha kuhesabu pumzi. Alikuwa na miezi 4, anakohoa kwa siku 2, na jirani mmoja mtu mzima alinishauri nimpeleke kwa mzee anayekata kimeo, kwa kuwa ndicho kinachomkera kooni. Nilimheshimu nikamsikiliza mpaka mwisho, kisha usiku, mtoto akiwa amelala kifuani pangu, nikamfunua kanga na kuweka simu karibu na tumbo lake ili nione sekunde zinavyokwenda. Kila tumbo lilipopanda nilihesabu moja. Dakika nzima ilinipa 58. Nilirudia, kwa sababu sikutaka kuamini, nikapata 57. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, pumzi 50 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia ni nyingi mno, na zinaweza kuwa nimonia. Asubuhi na mapema tulikuwa zahanati, akapewa vidonge vya amoksilini vya kuyeyusha kwenye maji kwa siku 5, na ilipofika siku ya 3 kasi ilikuwa imeshuka. Hesabu dakika nzima, si sekunde 15 ukizidisha kwa 4, maana watoto hupumua kwa mikupuo. Ukiona kifua kinabonyea, midomo ina rangi ya bluu, au mtoto anaguna kila anapotoa pumzi, usisubiri asubuhi kama nilivyosubiri mimi. Kimeo kikikatwa kwa wembe huleta kutokwa na damu na maambukizi, na kikohozi kinabaki palepale kwa kuwa chanzo chake kiko mapafuni.

Vivyo hivyo kwa kile kinachoitwa meno ya plastiki. Mtoto wa miezi 5 akiharisha na kupata homa, hutokea mtu akaona fizi nyeupe na kusema ndiyo yanayomsumbua, na meno machanga ya mtoto yakang'olewa kwa kifaa kichafu. Anachohitaji ni kuendelea kunyonya, maji ya ORS yaliyochanganywa kama pakiti inavyoelekeza, na vidonge vya zinki, miligramu 10 kwa siku akiwa chini ya miezi 6 na miligramu 20 akizidi hapo, kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma. Macho yaliyoingia ndani, kulia bila machozi, ngozi ya tumbo inayochelewa kurudi ukiibana, damu kwenye choo, au kushindwa kunywa, ni safari ya hospitali.

Degedege nalo bado linazungukwa na maneno ya kutisha, likiwemo lile la kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Maneno haya yamewachelewesha wazazi wengi. Mlaze mtoto ubavu, usimtie kijiko wala maji mdomoni, usimfukize chochote, kisha mpeleke, kwa sababu chanzo kinaweza kuwa malaria kali, maambukizi ya uti wa mgongo au sukari kushuka, na vyote hivyo vina matibabu yasiyongoja. Kwa kichanga degedege huweza kuwa dogo sana: kutafunatafuna midomo, jicho kukaza upande mmoja, au miguu kwenda kama anayeendesha baiskeli, na haikomi ukiishika.

Unapokwenda, chukua kadi ya kliniki na useme ukweli wote, zikiwemo dawa za miti shamba mlizompa. Muuguzi anayekukaripia kwa hilo anakosea, lakini asiyeambiwa anatibu gizani. Mwambie umri wa mtoto kwa siku, alinyonya lini, amekojoa mara ngapi, joto lake na pumzi zake kwa dakika. Mwenzangu mmoja alikaa kwenye foleni ya kadi zaidi ya saa 1 na kichanga wa siku 9 aliyekuwa amelegea, kwa sababu aliona haya kuwapita watu waliomtangulia. Usikae. Nenda moja kwa moja kwa aliyevaa sare useme «mtoto wangu ni mchanga na hanyonyi», na urudie mpaka mtu anyanyuke. Ukiwa Tanzania bara au visiwani na huna usafiri, namba 115 ya mfumo wa m-mama hupigwa bila malipo kwa ajili ya dharura za wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Njiani mweke mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, umfunike kofia na kanga, na umpe titi kila anapokubali.

Mdogo wangu amejifungua mwezi uliopita. Nilipofika nilimpa hongera, nikanawa mikono, nikafungua pazia, nikamtoa mtoto soksi.